Ruhusa ya Kuzika

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naacha ninachofanya. Nilikuwa ndani ya kaburi, hapa hapa Ngonga, maji yamenifika magotini, nachota kwa ndoo nampa mtu aliye juu, na maji hayapungui. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nimevaa viatu vya ofisini. Tulikuwa wanne tu kwenye kazi ile. Wanaume wa kitongoji, zaidi ya thelathini, walikuwa wamekaa kwenye migomba wanatutazama. Kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kukaa, na sababu hiyo niliitengeneza mimi.

Nakueleza haya kwa kuwa nimesikia kijiji kimekuchagua. Hongera sana. Wameniambia utawatafutia watu kazi kwenye ghala jipya la kakao, kisha utakaa na familia moja moja kuwafundisha kupanga matumizi ya nyumbani. Ni kazi nzuri. Mimi niliifanya kabla hujazaliwa, bila kuchaguliwa na mtu yeyote, tena kwa mbwembwe kuliko utakavyoifanya wewe. Umekuja kuniomba baraka, nami ninazo na nitakupa. Ila kwanza kaa, zima hiyo simu, unisikilize. Sitachukua muda mrefu. Haya, nitachukua muda mrefu, lakini kaa.

Wakati huo nilikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Kyela mjini. Mwenye mashine alikuwa Mzee Salehe, mfanyabiashara Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani akaja kufungua duka huku kwetu. Mzee Salehe alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuja asubuhi, akapita kwenye magunia, akachukua punje mbili tatu akaziuma, akaondoka. Mambo ya wafanyakazi aliniachia mimi. Wabebaji walilipwa kwa gunia, wakija wakiacha ni hiari yao. Wenye mshahara wa mwezi tulikuwa wachache, na mimi ndiye niliyekuwa nachagua nani aingie. Hebu fikiria, kijana wa umri ule, kalamu mfukoni, na watu wazima wa kijijini kwake wanamfuata kumbembeleza. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Lakini roho mbaya sikuwa nayo. Masika yaliyotangulia mto ulifurika, mpunga wa watu wengi ukaoza shambani, na nyumba nyingi za Ngonga zikawa zinakula ndizi asubuhi na jioni. Nikaanza kuwachukua watu wa kwetu mmoja mmoja nawaingiza kwenye mashine. Nilihangaika nao kwelikweli. Jumapili baada ya ibada nilikwenda majumbani kwao na daftari, tukapanga pamoja: hiki cha chakula, hiki cha ada, hiki msikiguse. Hakuna aliyenilipa hata senti. Nilipenda kuona nyumba iliyoanguka inasimama. Nilipenda pia kusikia watu wakisema ni nani aliyeisimamisha.

Katika hao alikuwepo Ipyana. Huyo tulikua naye, tukachunga ng'ombe pamoja, tukasoma darasa moja. Alikuwa na mke wake Atupele, watoto watatu, shamba dogo la kakao, na mama yake mzazi aliyepooza miguu na asiyetoka kitandani. Nyumba yao ya nyasi ilivuja mpaka wakawa wanahamisha kitanda cha yule mama kutoka kona hii kwenda kona ile. Nikampa Ipyana nafasi ya mizani. Ilikuwa kazi ya mshahara, ya kukaa kivulini, na watu watano walikuwa wameililia. Mzee Salehe aliniuliza neno moja tu, kama huyo ni mtu wangu. Nikamjibu ni mtu wangu na namdhamini mimi.

Kosa lilianzia hapo. Nilipokwisha kumdhamini nikaanza kuogopa. Nikawaza, huyu akikosekana kazini siku tatu, litakalochafuka ni jina langu. Nawe unawajua watu wa kwetu na misiba. Mtu akifa, hakuna anayekwenda shambani. Wanaume wanashika majembe, wanawake wanabeba kuni na mikungu ya ndizi, na watu wanalala msibani siku mbili, tatu, hata nne. Mwaka ule, baada ya mafuriko, ugonjwa wa kuhara uliingia na misiba ikafuatana. Basi nikamwita Ipyana nikamwambia kwamba mwenye mashine hataki kusikia habari za misiba. Nikamwambia ukikosa siku moja kwa ajili ya kuzika, umejifukuzisha mwenyewe.

Mwanangu, Mzee Salehe hakuwahi kusema hivyo. Wala sikumwuliza. Maneno yale niliyatunga mimi nikayatia kinywani mwake, kwa sababu nilikuwa na hofu na sikutaka Ipyana ajue kwamba hofu ni yangu.

Jumapili iliyofuata nikaenda kwao na daftari langu. Tulikaa barazani, na mama yake Ipyana amelala ndani, mlango uko wazi, anasikia kila neno. Tukapanga vizuri. Chakula, ada, dawa za mama, akiba ya kununulia bati. Tukafika kwenye mambo ya misiba: ndizi, mchele, kuni, rambirambi, na zile siku za kukaa na wafiwa. Nikachukua kalamu nikapiga mstari. Nikasema hapa ndipo umaskini wenu unapoingilia. Nikasema mtume rambirambi kidogo, Ipyana abaki kazini, na mwaka ukiisha mtakuwa mnalala chini ya bati. Ipyana aliinamisha kichwa. Aliyesema ni Atupele.

"Shemeji, hilo usilikate. Tupunguzie chakula tuone tutakavyofanya, lakini hilo liache."

Nikamcheka. Nikamwambia, shemeji, kumbe ni wewe unayetaka watoto wanyeshewe. Akanyanyuka akaingia ndani kwa mama mkwe. Nikamsikia yule bibi anamwuliza kwa Kinyakyusa wamekata nini. Jibu la Atupele sikulisikia, na wakati ule sikujali.

Mpango wenyewe ulifanikiwa, na hilo ndilo lililonipofusha. Mwaka haujaisha bati zikapanda juu. Watoto wakawa hawarudishwi nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Yule mama akapata dawa kila mwezi na godoro jipya. Nikawa namtaja Ipyana kila ninapokwenda, mpaka kanisani nilipopewa nafasi ya kusema. Nikiwaambia watu mtazameni Ipyana, yeye anakaa wima kwenye benchi, hatabasamu. Mimi nikadhani ni unyenyekevu wake.

Kumbe mwenzangu alikuwa anakufa moyo pole pole. Jirani yake alifariki, mzee aliyemfundisha kupunguza matawi ya kakao, na siku hiyo Ipyana alikuwa kwenye mizani. Mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Asajile, alifariki, na Ipyana alikuwa kwenye mizani. Pesa alituma, Atupele akazifikisha, wakazipokea na kuziandika. Atupele alikwenda misiba yote na mzigo wa kuni kichwani, mpaka mama mkwe alipozidiwa ikambidi akae nyumbani. Kuanzia hapo nyumba ile haikuonekana tena msibani.

Siku moja balozi mwenyewe akanifuata pale mashine. Alikuja kwa miguu kutoka Ngonga, akanisalimia kwa Kinyakyusa, ugonile, tukasalimiana kwa urefu kama ilivyo ada. Ndipo akaniambia kwamba watu wanamwuliza siku hizi Ipyana ni mkazi wa wapi. Nikamwambia, mzee, waambie waache wivu, ni bati zile zinazowauma. Nilimwambia hivyo mtu ambaye hata mwezi haukuwa umepita tangu amzike mwanawe. Alinitazama, akasema ndaga, yaani asante, akaondoka akaiacha soda niliyomwagizia mezani. Na mimi habari ile sikumfikishia Ipyana. Niliona itamvunja nguvu ya kazi.

Mama yake Ipyana alifariki asubuhi moja ya masika, mvua imenyesha juma zima. Nilipofika niliwakuta watu. Usidhani walisusa, watu wa kwetu hawasusi maiti. Wanawake walikuwa ndani wanalia, kwa kuwa bibi yule alipokuwa na miguu yake hakuna nyumba ambayo hakuililia. Lakini kuni hazikuletwa, ndizi hazikuletwa, na wanaume walikaa kando kwenye migomba, majembe wameyaacha makwao. Anayegawa zamu za kuchimba ni balozi, na balozi alikuwa ameweka mikono miwili juu ya fimbo yake, hagawi kitu. Ipyana akaenda kusimama mbele yao. Hakuna aliyemtukana. Mmoja tu alimwuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama leo kazini wamempa ruhusa.

Nilikuwa nyuma yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Ardhi ya kwetu wakati wa masika unaijua. Ukichimba kufika pajani, maji yanaanza kupanda kutoka chini. Kaburi la masika huku linataka watu ishirini, thelathini, wanaopokezana bila kupumzika, hawa wanachimba na hawa wanachota, kisha jeneza linashushwa palepale kabla maji hayajarudi. Sisi tulikuwa wanne: Ipyana, mimi, na kaka wawili wa Atupele waliotoka Njisi. Tukivuta pumzi kidogo, maji yamerudi. Kingo zikaanza kumeguka. Mikono yangu ya karani ikatoka malengelenge, yakapasuka. Ipyana alichimba huku machozi yanamtoka, hanisemeshi. Nilikuwa naomba anitukane, hakunitukana.

Mnamo saa nane, habari za msiba zimekwisha kufika mjini, lori la mashine likaingia. Mzee Salehe alikaa mbele na dereva, nyuma wamejaa wabebaji wote, kazi imefungwa. Alishuka, akasimama akatazama wanaochimba, akatazama waliokaa. Akamvuta Ipyana pembeni, wakazungumza kidogo. Kisha mzee yule wa miaka sitini na kitu akavua viatu, akakunja kanzu akaifunga kiunoni, akaomba jembe akashuka kaburini. Balozi alipomwona Mwislamu yule mtu mzima yuko ndani ya tope la kaburi la Mkristo, aliinuka. Kama ni aibu au ni huruma sijui mpaka leo. Aliinuka, na wenzake wakainuka, majembe yakaenda kuchukuliwa.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Kingo zilikwisha kulowa, na kila tukichota, maji yanachuruzika kutoka pande zote. Tulichota mpaka jioni ikakaribia, yakabaki maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Mchungaji akasema haiwezekani kungoja zaidi. Wakakata migomba wakaitandika chini, tukamshusha mama yake Ipyana juu ya migomba ile, na jeneza lilipofika chini tulisikia maji yanaingia chini yake. Wote tulisikia. Ipyana aliziba masikio kwa mikono yake yenye tope, mtu mzima, mbele za watu.

Baada ya maziko Mzee Salehe aliniita kando ya lori. Hakupandisha sauti.

"Tangu umlete kijana huyu hajaniomba ruhusa ya kuzika hata mara moja," alisema. "Nikadhani hana watu. Leo namwuliza, ananiambia niliyekataza ni mimi. Nani alimwambia?"

Akanieleza kwamba baba yake alipofia hapa hakuwa na ukoo hata wa mtu mmoja, Waislamu wenzake walikuwa wa kuhesabika, na waliomchimbia kaburi ni wakulima wa mpunga walioacha mavuno yao. Tangu hapo hajapata kumkata mtu mshahara wa siku aliyokwenda kuzika. Angeniambia hivyo mapema kabisa, kama ningekuwa nimemwuliza.

"Kazi ningeweza kumpa hata mtu mwingine," akasema. "Watu wa kumzikia mama yake ningewatoa wapi?"

Akapanda lori akaondoka. Kazini hakunifukuza, na ingekuwa nafuu kama angenifukuza.

Ipyana hakurudi kwenye mizani. Watu walianza kumwendea, balozi mwenyewe alikwenda kukaa naye, lakini kila alipotazama upande wa kaburi alikosa amani. Miezi michache baadaye aliuza shamba la kakao pamoja na ile nyumba ya bati niliyokuwa naitangaza kanisani, akahamia Katumba Songwe, kule mtoni, akaanza upya kama mgeni. Nasikia huko hakukosa msiba hata mmoja. Hata misiba ya ng'ambo, upande wa Malawi, alikuwa anavuka kwenda kuzika.

Na mimi je? Mimi nilikaa kimya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kaburi lenyewe. Kwenda Katumba Songwe si safari, ungeweza kwenda na kurudi siku moja. Nilijiambia nitakwenda baada ya mavuno, kisha baada ya Krismasi, kisha watoto wakifunga shule. Miaka ikapita. Tukikutana sokoni Kyela, Ipyana alinisalimia salamu zote, akauliza mke, akauliza watoto, akauliza ng'ombe, namna unavyomsalimia mtu usiye na neno lolote naye. Afadhali angekuwa ananipita.

Nilikwenda mwaka juzi, mvi zimekwisha kunijaa kichwa kizima. Nilimkuta ameanika kakao kwenye mikeka, anaigeuza kwa mkono. Atupele alinipa kigoda, akanisalimia vizuri, akaingia ndani. Nikamweleza Ipyana mambo ambayo alikuwa anayajua tangu siku ile: kwamba amri ile ilikuwa yangu, kwamba niliogopa jina langu, kwamba balozi alikuja kunionya nikamjibu kwa kiburi. Hilo la balozi hakulijua. Aliacha kugeuza kakao. Nikamwomba msamaha, kwa Kinyakyusa, lugha tuliyochungia ng'ombe, maana Kiswahili kilinikauka mdomoni.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Tena bati zile zilinisaidia, na watoto walisoma, sikatai. Lakini ndugu yangu, mama anazikwa mara moja."

Tukanywa chai. Nikarudi nyumbani.

Basi nasaha yangu kwako ni hii, mwanangu, na uisikie yote. Watafutie watu kazi, usichoke, maana njaa ya nyumbani haina heshima na mimi sijuti kwamba niliwaingiza watu kwenye mashine. Ila unapompeleka mtu kwa tajiri, muulize tajiri kwa mdomo wako siku za kuuguza na siku za kuzika zikoje, na jibu lake mpe mtu wako kama lilivyo. Usimsemee. Ukiwa na hofu, sema naogopa. Mtu mzima ataielewa hofu yako, na mtapanga pamoja.

Ukikaa barazani kwa watu na karatasi zako, kalamu wape wenyewe. Mimi nilifika na mstari wangu kichwani kabla sijauliza kitu. Waulize kila kinachotoka kinakwenda kwa nani, na yule naye huwa anakuja kwao lini. Mwulize hasa mama wa nyumba, na akikukataza jambo usimcheke. Atupele alijua. Hata yule bibi kitandani alijua. Mimi mwenye daftari ndiye niliyekuwa sijui.

Sisemi misiba yetu haina gharama za kijinga. Zipo. Ng'ombe wanaochinjwa kwa kushindana, vipaza sauti vya kukodi, watu wanaokuja kula siku ya nne. Hayo yapeleke kwenye mkutano wa kijiji, wazee wayazungumze, yapunguzwe kwa wote siku moja. Usiiambie nyumba moja ianze peke yake, kwa sababu wewe utakwenda nyumbani kwako na wao watabaki pale na majirani. Na kila ukitoa shauri, jiulize kama unamtafutia mwenzako nafuu au unajitafutia sifa. Mimi nilijiuliza swali hilo nikiwa nimekwisha kuzeeka.

Sogea sasa nikuwekee mkono. Kyala, Mungu wa wazee wetu, akutangulie katika kazi hii. Watu wa Ngonga wapate riziki kwa mkono wako, na jioni warudi kwa majirani zao wakijulikana bado ni wa hapa. Akuepushe na kimya changu, ukikosea uende kuomba radhi siku hiyo hiyo. Na siku yako ya kulia itakapofika, maana itafika, hata kama ni masika na mvua haikatiki, ukitoka nje ukute watu wamekwisha kufika na majembe yao.